Mtani wa Mama

Nilimwonea wivu mwanamke wa miaka sabini, na sioni haya kusema.

Mama alikuwa amerudishwa nyumbani, madaktari wameshakata tamaa. Mimi ndiye niliyemwogesha, niliyemgeuza kitandani, niliyemchujia uji wa ulezi. Nikimlisha alisema, "Ahsante, mwanangu," kisha akageukia ukutani. Basi, ujira wangu ukaishia hapo.

Lakini kila Ijumaa alishuka mwanamke huyo, mtani wake, kutoka Kinole. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu Uluguru mtani anaruhusiwa kusema hata mbele ya maiti maneno ambayo mwingine akiyasema angepigwa. Aliingia bila hodi.

"Wee, bado hujafa tu? Nimechoka kushuka mlima kufuata khanga zako!"

"Utazifuata sana," Mama akajibu. "Nitazikwa nazo zote, ubaki na matambara yako."

Mama akacheka mpaka ikabidi nimshike kifua. Baadaye wakanong'ona, na nilipoingia na chai wakanyamaza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Mwenyeji alipona kweli. Aliyeugua ni mimi.

Ijumaa iliyofuata nikamwahi mlangoni.

"Shikamoo. Mama amelala."

"Marahaba." Akanitazama, akaniachia mkungu wa ndizi, akarudi zake.

Mama hakuwa amelala. Alisikia yote, na jioni hakugusa uji. Nikaona nijaribu mwenyewe.

"Kula basi, Mama, au unatususia ili uwahi kwenda?"

Mtoto hamtanii mama yake. Nilitamani kuyameza yale maneno. Mama hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi.

"Kwako siwezi kucheka, mwanangu," alisema. "Nikikutazama nakumbuka kwamba nakuacha."

Asubuhi nikapanda Kinole. Nilimkuta mtani anaanika karafuu kwenye jamvi, na kabla sijaomba radhi akaniuliza, "Vipi, mlinzi? Umefukuzwa kazi?"

Nikacheka. Kisha nikalia, kilio nilichokuwa nimekizuia wiki nyingi nisimtie Mama hofu. Hakuninyamazisha.

"Kalilie kwenye mahindi huko," alisema, huku amenishika mkono. "Karafuu zangu zitaoza."

Tukateremka pamoja. Mbele ya kitanda cha Mama akaigiza nilivyolia, kamasi na yote. Nikacheka tena, nimemwegemea bega. Mama alitutazama, na machoni mwake nikauona wivu. Ninaujua vizuri, nimeishi nao.

"Huyo ni mtani wangu," akaniambia. "Niachie kwanza. Zamu yako inakuja."