Nilipolivua Nguo Shamba la Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyoingia na ufagio kihambani, katika shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba yetu Machame. Nilikuwa mke wa mwaka wa kwanza, nimelelewa Pasua, mjini, ambako jani moja uani ni aibu ya mwanamke. Mama mkwe alikuwa amekwenda Holili kumuuguza dada yake, nami nikataka arudi akute pameng'aa. Nilikusanya majani makavu yote ya migomba nikayachoma. Jirani aliyepita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani aliniuliza kama naandaa uwanja wa ngoma. Nikadhani ananisifu.

Kilikuwa kiangazi, nami nina mimba ya miezi saba. Migomba mitatu nyuma ya zizi ilikuwa imebeba, na mama mkwe alikuwa ameitenga kwa ajili ya mtori wangu wa uzazi, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Mbolea ya dukani hatukuitegemea. Miaka ile chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kuigawa, kila nyumba ikijitafutia.

Aliporudi baada ya wiki mbili, migomba ile ilikuwa imenywea. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akalizunguka shamba, kisha akauliza, "Nani amelivua nguo shamba langu?"

Nikasema ni mimi, nilikuwa nafanya usafi.

"Haya, mtoto wa mjini. Weka mkono hapa."

Udongo ulikuwa wa moto, mgumu kama kigae. Akanivusha mpaka wa masale, mimea inayogawa vihamba, hadi kwa yule jirani, akafunua majani yaliyotandazwa shambani. "Na hapa."

Palikuwa baridi. Udongo mweusi, umeloa, unanukia uyoga. Minyoo ilijivuta kukimbia mwanga, na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele, zilikuwa zimeshona jani bovu na ardhi. Nilichuchumaa na tumbo langu, haya ikanitoka. Niliuliza minyoo imeletwa na nani, jani huchukua muda gani kuwa udongo, mpaka akacheka.

"Mimi sijui yote," alisema. "Tufunike migomba miwili, mmoja tuuache uchi. Utatazama, utaniambia."

"Mama, huo ni mtori wangu."

"Ndiyo maana utautazama vizuri."

Jirani alitupatia majani, akauliza kama ngoma imeahirishwa. Tukayatandaza juu ya samadi ya zamani na maganda ya jikoni. Kila asubuhi nilifunua, nikagusa, nikafunika. Miwili ikaamka, ndizi zikajaa. Ule wa uchi ulivunjika kabla ya mvua, ndizi zake nyembamba kama vidole vya mtoto, tukampa ng'ombe. Nilipojifungua, mtori ulitoka kwa ile miwili, na wiki za mwisho za uzazi tukaomba mkungu kwa jirani.

Mwanangu, funika udongo wako kabla ya kiangazi, ila acha nafasi ya shubiri moja kutoka shinani, fukusi wa migomba wasipate maficho. Maganda na majani usiyachome. Yarundike pamoja na samadi, yanyunyizie maji, yageuze, ungoje mpaka usitambue lipi lilikuwa jani na lipi ganda. Na ukifika kwenye shamba la watu, au kwenye kazi ya watu, usianze kupanga upya. Gusa kwanza, uliza kila kitu kinafanya kazi gani pale kilipo.

Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama, mvua ya kiasi, na chungu kinachomtosha hata mgeni asiyebisha hodi.