Kola Moja, Shati Moja, Mtu Mmoja

Siku yangu ya kwanza kiwandani Doha sikupewa nguo ya kushona. Nilipewa kola. Supavaiza wa laini, mama wa Kihindi aliyening'iniza miwani shingoni, aliniketisha kwenye cherehani, akasukuma kapu kulia kwangu na kuniambia kazi yangu inaanzia mezani na kuishia kapuni. Mengine hayanihusu.

Ninyi mnaojifunza ushonaji siku hizi niwaeleze kidogo. Laini ni safu ya mafundi, kila mmoja na kipande chake. Mimi nilikuwa naweka kanvasi katikati ya kola ili isimame, napiga mshono, napunguza ncha, nageuza, halafu narusha kulia. Kulia kwangu alikaa Nalongo, Mganda. Nalongo ni mama wa mapacha, ndivyo wanavyomwita kwao. Yeye aliidaka kola kabla haijafika kapuni, akaipachika shingoni, kisha akashona mikono ya shati. Hatukuwa tunaangaliana. Nikirusha, najua imedakwa.

Tulishona hivyo miaka mingi, sare za shule na za hoteli. Mwanangu Mutua alianza darasa la kwanza Machakos na kumaliza la nane kwa kola zile, na namshukuru Mungu kwa kila moja.

Halafu siku moja Mudiri, yule meneja mkuu, akatukusanya. Akasema mashati yaleyale sasa yatashonwa ng'ambo kwa bei nafuu, na kiwanda kinafungwa. Wakati huo kafili wako, yule mwajiri aliyekudhamini kuingia nchini, akikosa kazi ya kukupa, unapanda ndege unarudi kwenu. Na Mutua alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari.

Lakini serikali ya pale haikutuacha hivihivi. Ofisi ya kazi ilimtuma afisa mmoja mrefu, kanzu yake imepigwa pasi hadi unaogopa kumkaribia. Akatangaza kwamba anayetaka kubaki atasomeshwa bure darasa la jioni, kisha ataruhusiwa kuhamia kwa kafili mwingine. Sharti ni moja: ashinde mtihani wa kushona shati zima, peke yake.

Tulipiga makofi. Nalongo akaninong'oneza, "Mama Mutua, shati huanzia wapi?"

"Kwa kola."

"Mimi nilidhani linaanzia kwa kapu lako."

Mwalimu wa jioni alikuwa fundi wa Kimisri, tukimwita Usta. Shati langu la kwanza lilikuwa na kola ya kupeleka ikulu, lakini mfuko ulikuwa tumboni. Usta alilishika kwa vidole viwili akauliza, "Mama, huyu ataweka nini hapa, chakula?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka zaidi yao.

Kilichonitesa ni mikono. Kichwa cha mkono ni kikubwa kuliko tundu la bega, na mimi nilikuwa nakivuta kwa nguvu mpaka bega linakunjamana. Chumbani kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Nalongo alinifundisha kwa mto wa kulalia. "Usivute, mama. Kilishe polepole kama mtoto, kitaingia chenyewe." Nami nikamwonyesha kupunguza ncha za kola bila kukata uzi. Ijumaa mimi nilienda kanisani Abu Hamour, yeye msikitini. Tulikubaliana aniombee mikono, nami nimwombee kola.

Siku ya mtihani tulikaa kama kawaida yetu, yeye kulia kwangu. Nikasali, nikaanza. Kola ikatoka safi. Nikapunguza ncha, nikageuza, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukairusha kulia. Nalongo naye, bila kutazama, akaidaka na kuiweka chini ya sindano.

Afisa alikuwa amesimama nyuma yetu. "Mnasaidiana?"

Kusaidiana ni kuanguka, na kuanguka ni ndege, mimi na yeye. Nalongo alikuwa na kola mbili mbele yake. Nikasema, "Hapana, bwana. Ni mkono tu umezoea." Usta akamweleza kwa Kiarabu mambo ya laini, akirusha kitu hewani na kukidaka mwenyewe. Yule afisa akajizuia, akashindwa, akacheka hadi akashika meza.

"Mrudishie," akamwambia Nalongo. "Leo ni kola moja, shati moja, mtu mmoja."

Akasogeza kiti chake akaketi katikati yetu mpaka mwisho. Nikalisha mikono polepole, ikaingia. Tulishinda sote wawili, na hoteli moja ikatuchukua katika chumba chake cha ushonaji.

Huko nilishona nguo nzima mpaka macho yaliponiambia basi, nikiwa bado na nguvu zangu. Mutua alishamaliza chuo. Leo nawafundisha mabinti wa kanisani kwetu Machakos, na simwachii mtu kola tupu: kila mmoja hushona shati lote, ili kazi ikihama asibaki na kipande mkononi.

Lakini siku yangu ya mwisho pale hotelini nilibakiza shati moja. Nikashona kola, nikapunguza ncha, nikaigeuza. Nalongo alikuwa kulia kwangu, ameinamia pazia la chumba cha wageni. Sikumwita. Nikarusha tu.

Akaidaka.