Neno Lililokatazwa na Bima

Gethin Prosser alikuwa amepanda miti kwa kamba, akikata matawi, kwa miaka ishirini na tatu, na siku alipomvunja nyonga Mama Eluned Beynon, neno la kwanza kumtoka kinywani lilikuwa lile lile ambalo bima yake ilimkataza kulisema.

Tawi lenyewe halikuwa kubwa. Unene wa paja la mtu, basi. Siku zote tawi kama hilo hulifunga kamba akalishusha polepole, lakini mvua ilikuwa inanukia na chakula cha mchana kinamngoja, akajiambia hili halina haja ya kamba. Akakata. Tawi likagonga jingine chini yake, likaruka ua wa jirani, likamkuta Mama Eluned anaanua nguo. Gethin aliteremka ule mwaloni kwa kasi ambayo mpaka leo hajui aliitoa wapi. Akapiga magoti kwenye majani, akamshika kichwa.

"Nisamehe, Mama. Kosa ni langu. Sikulifunga kamba."

"Nimesikia," Mama Eluned akasema, meno yanagongana. "Niitie gari la wagonjwa. Na hiyo shuka usiikanyage."

Jioni Gethin akampigia simu wakala wake wa bima. Alikuwa mtu wa kujiajiri, hana bosi wa kumkinga wala kampuni nyuma yake. Alikuwa na gari, misumeno, kamba, na hiyo bima ya dhima, ile inayomlipa mtu mwingine ukimuumiza au ukimharibia mali. Bila hiyo, nyonga ya Mama Eluned ingelipwa kwa nyumba alimokuwa akiishi na mkewe Sioned.

"Hujamwambia mtu kwamba kosa ni lako, sivyo?" wakala akauliza.

"Kwa nini?"

"Sharti la kumi na moja, Gethin. Usikiri kosa mpaka kampuni iamue. Ukikiri, wana haki ya kukuruka, wasilipe."

Gethin akaaga, akakata simu.

Sharti lile, niseme wazi, liliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuishi katika bonde letu la mto Tywi, hapa Wales. Huku ukimwangushia jirani hata kopo la rangi, unakwenda mlangoni kwake kofia mkononi, unasema ni mimi. Asiyesema hivyo hapewi tena hata salamu. Gethin alikuwa akiweka saini chini ya masharti yale kila mwaka bila kuyasoma, kama wapanda miti wote ninaowajua. Wao husoma bei, husoma na urefu wanaoruhusiwa kupanda, wakamaliza.

Aliyelisikia neno lile alikuwa mtu mmoja tu. Ifor, msaidizi wake wa chini ya mti, alikuwa kwenye mashine ya kusaga matawi, masikio yamezibwa. Lakini huyo mmoja alikuwa nani? Mama Eluned, shemasi wa kanisa miaka thelathini, aliyesimama katikati ya mazishi ya kaka yake mwenyewe akamsahihisha mchungaji aliyekuwa akimsifu marehemu kwa upole: "Hapana, mpole hakuwa." Mwanamke huyo ndiye atakayeulizwa.

"Nenda ukamwombe," Sioned akasema.

"Nimwombe nini? Adanganye?"

"Asahau. Ana miaka themanini na moja. Watu wa umri huo husahau."

"Yule? Yule anakumbuka nilivyotapika shule ya Jumapili nina miaka sita."

"Haya. Basi tutahamia kwenye gari lako, mimi, wewe na misumeno."

Wiki sita Gethin hakupata usingizi wa maana. Alipanda miti huku usingizi unamlemea, jambo la hatari kuliko yote. Mara mbili alikwenda hospitali na mkate wa zabibu, akakaa kando ya kitanda akizungumzia mvua. Mara zote mbili akaaga kabla ya kulitaja lile ombi. Aliona haya, na aliogopa.

"Una jambo, mwanangu?" Mama Eluned alimwuliza mara ya pili.

"Sina, Mama."

Alhamisi moja mkaguzi wa kampuni akaja kutoka Cardiff, Bi Rhona Pask, mwanamke mpole mwenye jalada jembamba. Wakakaa watatu jikoni kwa Mama Eluned, fremu yake ya kutembelea imeegemezwa mezani. Bi Pask akamwuliza mwenyeji wake kuhusu ua, nguo, saa. Kisha akauliza, bila hata kuinua macho, "Baada ya tawi kukupiga, Bwana Prosser alikwambia nini?"

Gethin alikodolea macho kitambaa cha meza.

"Aliniambia nisijitikise," Mama Eluned akajibu.

"Hakusema kosa ni la nani?"

"Hakusema."

Hapo Gethin akajua kwamba Sioned alishafika nyumba ile kabla yake na lile ombi. Nitadanganya nikisema hakufurahi. Kisha akamtazama yule mama. Shingo ilikuwa imemwiva kwa haya, na macho ameyainamisha kama mtu aliyekamatwa akiiba dukani.

"Ndivyo ilivyokuwa, Bwana Prosser?" Bi Pask akauliza.

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha.

"Sivyo," Gethin akasema. "Nilimwambia kosa ni langu. Mama ananikinga tu."

"Mpumbavu wewe," Mama Eluned akasema taratibu.

Bi Pask aliwatazama wote wawili, akaandika mistari miwili, akafunga jalada. Tawi alikuwa ameshaliona, akasema, na halikuwa na alama ya kamba popote. Kampuni ilijua kosa ni la nani tangu wiki ya kwanza, na kukiri kwake hakukubadilisha kitu. Wangelipa.

"Lile swali liko kwenye fomu," akaongeza, akivaa koti. "Namwuliza kila mtu."

Wakalipa kweli. Nyumba ikabaki, na bima ikaendelea. Mwezi haukwisha, Mama Eluned akaandika barua ya kuacha ushemasi, na kanisa zima likabaki linaulizana kulikoni. Gethin hakuuliza. Alikwenda mlangoni kwake kofia mkononi, kama inavyopasa, na mlango ukafunguliwa nusu.

"Nimekuja kuomba radhi, Mama."

"Ya tawi ulishaomba."

"Si ya tawi."

Mama Eluned akaiegemea fremu yake.

"Maisha yangu yote nimesema uongo mmoja, Gethin, na niliusema kwa ajili yako," akasema. "Ungeniachia huo mmoja."