Viazi Nilivyomnyima Nguruwe wa Mama Yustina

Sikusomea mifugo shuleni. Najisomea kwenye simu. Mwezi uliopita jirani yangu hapa Titye, Mama Yustina, alipompandisha nguruwe wake wa pekee, nilimkataza kumpa viazi vitamu. Nilikuwa nimesoma kwamba kiinitete cha nguruwe, yaani mimba changa, siku zake za mwanzo hakistawi vizuri kwenye glukosi, sukari itokanayo na vyakula kama viazi, bali kwenye laktati, itokanayo na asidi ya maziwa yaliyoganda. Basi nikaagiza apewe maziwa mgando matupu.

Baada ya siku chache nguruwe alishindwa kusimama. Bwana mifugo aliitwa kutoka Kasulu, na wafugaji wenzetu wakazunguka banda.

"Huyu ana njaa," alisema bwana mifugo. "Mimba sijui kama itabaki. Nani kamnyima chakula?"

"Mimi, daktari." Nikaanza kueleza glukosi na laktati kwa utaratibu. Mama Yustina alinitazama kwa matumaini.

"Hivyo viinitete ulivyosoma habari zake vilikuwa tumboni?" aliuliza bwana mifugo.

"Hapana. Vililelewa maabara, kwenye kisahani."

Nguruwe alikoroma.

"Yee, mtaalamu!" alisema Mama Yustina. "Kwa hiyo mnyama wangu ulimwona kisahani?"