Pete Moja, Maharusi Watatu

Ninyi mliozaliwa wakati wetu hamhitaji kuelezwa pete ya bua la boga. Unachuma jani, bua lake lina tundu katikati, unalikata vipande vyembamba, unavaa vidole vyote kumi, na mchana mzima wewe ni mke wa mtu. Jioni zimenyauka, umeachika. Sisi watoto wa Mpitimbi tuliolewa hivyo mara nyingi mpaka mama akawa anatufokea, "Haya mabibi harusi, maji yako wapi?"

Pete ya kweli pale kigangoni kwetu ilikuwa jozi moja tu. Ya mwanamume moja, ya mwanamke moja, za shaba ya manjano, zimetunzwa na katekista kwenye kopo la tumbaku. Padri alikuja na pikipiki mara moja kwa mwezi, akafungisha ndoa zote zilizokuwa zinasubiri. Mnaapa, mnavishwa, mnavua, wanavishwa wenzenu. Hakuna aliyeona aibu. Zilingʼarishwa kwa majivu, na kila aliyevaa aliona ni yake.

Siku ya dada yangu Felista maharusi walikuwa watatu. Felista alikuwa wa pili, na wa mwisho alikuwa Skola, binti yatima aliyelelewa na shangazi yake. Felista alikuwa ametwanga mahindi ya harusi yake mwenyewe wiki nzima. Mama alimkataza, hakusikia. Vidole vikavimba. Mumewe, mtu wa nguvu, akaisukuma pete mpaka ikaingia. Kutoka ikakataa.

Wakaleta sabuni. Wakaleta mafuta ya karanga. Kidole kikawa chekundu kama nyanya. Mzee mmoja nyuma akasema, "Kateni tu, atabaki na tisa." Mkewe akamjibu, "Anza na chako." Watu wakacheka, lakini Skola hakucheka. Alisimama pale mbele na gauni la kuazima, machozi yanamdondoka. Padri akasema ndoa ni kiapo, hata bila pete inafungika. Alisema kweli. Lakini mama wa bwana harusi wa Skola, ambaye tangu mwanzo hakumtaka yule binti, akasimama akasema kanisa zima lisikie:

"Mimi mkwe asiye na pete simpokei nyumbani kwangu. Mnaona wenyewe, Mungu amemkataa."

Ndipo bibi yangu mzaa mama akainuka kule nyuma. Bibi hakuwa amebatizwa, alikuja kwa ajili ya Felista tu. Kidoleni alikuwa na pete ya waya wa shaba nyekundu, imesokotwa mizunguko mitatu, kazi ya mikono ya babu walipooana. Akaivua, akamwekea padri kiganjani.

"Baba padri, mvishe hii."

"Bibi, hii haijabarikiwa."

"Basi ibariki. Maji si unayo hapo? Mimi sikuapishwa na mtu, na marehemu sikumkimbia mpaka nikamzika."

Padri akainyunyizia maji, Skola akavishwa. Bibi akamgeukia yule mama. "Haya mwenzangu, mkwe wako ana pete. Mpokee." Alimpokea. Angefanyaje, na vigelegele vile?

Pete ya kigango ilitoka siku ya tatu, uvimbe uliposhuka. Mwezi uliofuata padri akamwita Skola abadilishe, avishwe ile waliyovaa wenzake. Skola akakunja ngumi. "Baba, mimi nimeshaolewa." Bibi naye alipoulizwa kama anaitaka yake, alisema kidole chake kimechoka kubeba.

Tangu hapo nikawa mtazamaji wa vidole vya watu, na sijaona watu wasiojua kupendeza. Mke wa muuza samaki wakavu, Myao wa Tunduru, alivaa ya fedha yenye jiwe jekundu. Akaniambia kwao Waislamu ndoa inafungwa kwa mahari, pete ni mapenzi ya mume tu. Mjini Songea, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa alivaa za fedha kwenye vidole vya miguu, ndiyo alama yao ya kuolewa. Nilizitazama mpaka nikasahau khanga niliyotumwa. Sista Mzungu wa zahanati alivaa yake mkono wa kulia, akasema kwao hata wake za watu huvaa huko. Zote nilizipenda.

Sasa mjukuu wangu anachagua pete kwenye simu. Wiki ya tatu hii, anatelezesha kidole tu. Hii nyembamba, hii jiwe dogo. "Bibi, hii siitaki, kuna mtu anayo." Nikamwambia, mwanangu, sisi kigango kizima tuliolewa na moja. Akaniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa. Mimi mwenyewe nilivishwa ile ile, nikaivua kabla sijafika mlangoni, na kidole changu kiko wazi mpaka leo. Ndoa nilikaa nayo.

Yake itakuwa nzuri, najua. Ya dhahabu, imepimwa, haitamkwama. Ila siku hiyo akitokea mtu akasema mbele ya watu kwamba mjukuu wangu hafai, sijui ni nani kule nyuma atainuka na kuvua ya kwake.