Mzizi Nilioubakiza

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na shule ikaniishia darasa la tatu. Mama alitulea kwa kuchemshia watu dawa ya malaria. Kwetu, mwenye dawa huonyesha watu majani, lakini mzizi mmoja huutia chunguni mwenyewe, amewapa mgongo.

Mwaka jana mpwa wangu, anayesomea mambo ya maabara hapa Doha, alikuja kwangu mtaa wa Abu Hamour. "Mjomba, nipe dawa aliyokuwa akiichemsha nyanya, tuipime. Ikiua vimelea vya malaria, tutaiita kwa jina lake."

Nilimpa majani. Mzizi niliubakiza. Nilijiambia ndivyo nilivyofunzwa, lakini ukweli ni kwamba sikutaka wasomi wajue ninachojua.

Juzi alirudi, hata viatu hakuvua.

"Haikuua hata kimoja. Wenzangu wananicheka, wanauliza kama nyanya alikuwa anauza chai."

"Waambie chai hiyo ndiyo iliyomlea mama yako!" nikafoka.

"Basi niambie nilikosea wapi, Mjomba. Nimerudia na kurudia. Sasa profesa ameiondoa kabisa kwenye utafiti."

Nikampa mgongo, mimi nisiyeogopa mtu. Akadhani nimemkasirikia, akalia, akaniomba msamaha kwa kumwaibisha nyanya. Nami nikasema nimemsamehe.

Leo nina gereji, mabasi mawili ya kubeba wafanyakazi, nyumba ya mawe kule nyumbani, na dawa ya mama, nzima, ambayo hakuna mwingine anayeijua.