Chupa ya Mlangoni

Siku za kupeleka mahari zilipokaribia, baba yangu mkubwa alinituma madukani Ibanda kununua wiski. Baba yangu amekwisha kufariki, kwa hiyo yeye ndiye angesema kwa niaba yetu. Kazi ya bwana harusi ni kukaa na kunyamaza, na hiyo naiweza.

Alinieleza ngazi tatu: chupa nzuri ya baba mkwe, ya bei ya katikati kwa ndugu zake, na vile vichupa vya plastiki kwa vijana wa mlangoni. Kwetu vijana wa upande wa binti hufunga mlango, na wageni hawapiti mpaka wawape cha kunywa.

"Ya mulangoni usisumbuke nayo," alisema. "Bale banakunywa hata petroli."

Nadhani alisahau. Kaka yangu alikufa kwa vichupa hivyo. Macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, na mwishoni akawa haitambui tena sauti ya mama. Nilimwosha mimi. Tulipoinua godoro lake, vifuniko vyekundu vilitapakaa sakafuni.

Dukani nilisimama kwa muda mrefu mbele ya rafu, sijui nianzie wapi. Mama mwenye duka ndiye aliyeanza.

"Mutoto yangu, unatafuta ya kunywa ao ya kupeleka?"

Nikasema ya kupeleka. Akaniambia basi nisitazame maboksi, ninuse. Alikuwa na chupa zilizofunguliwa kwa kazi hiyo. Ya bei ya mbuzi mzima ilinuka moshi, kama paa la nyasi la nyumba ya bibi yangu kijijini. Ya katikati ilikuwa tamu puani, kama ndizi zikifukuliwa shimoni tayari kukamuliwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ya tatu, ya bei ya mkate, hakuifungua, na sikumwomba. Harufu yake niliijua tayari: ni ya chumba cha kaka.

Nilinunua ya moshi moja na ya ndizi moja. Vichupa niliviacha kwenye rafu, na pesa iliyobaki haikutosha ya ndizi nyingine.

Siku yenyewe, kwa wakwe, mtaa wa Muhumba, vijana walikuwa wameegemea mlango. Mdogo wao, kitinda mimba wa nyumba ile, alinizunguka akinitazama juu mpaka chini.

"Bwana arusi iko bubu? Dada yetu anaolewa na sanamu?"

Wenzake walicheka. Baba mkubwa akaninyooshea mkono nimpe vichupa. Nikamwekea mkononi ile chupa ya ndizi. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi, lakini vijana walikwisha kuiona, na mlango ukafunguliwa.

Ndani, baba mkwe alipewa ya moshi, akaifungua kwa mkono wake mwenyewe kama inavyotakiwa. Ndugu zake walibaki na glasi tupu. Mmoja akauliza kama sisi tulifikiri wao wanakunywa maji ya mvua. Mwingine akaanza kutafuta viatu vyake. Wakiondoka wale wazee, hakuna mahari siku hiyo, na pengine hata siku nyingine. Nyuma ya pazia nilisikia kikohozi cha mchumba wangu. Baba mkubwa alikuwa akiomba msamaha, akisema mtoto amechanganya mambo.

Baba mkwe aligeuka kwangu.

"Kijana, ya wakubwa ulipatia batoto juu ya nini?"

Nilitazama mkeka.

"Papa, ile ya batoto iliua kaka yangu. Sikuweza kuileta kwa nyumba ya watu."

Kisha baba mkwe akainuka, akawamiminia ndugu zake ya moshi, mmoja mmoja, mpaka chupa ikabaki kidogo sana. Ya kwake aliinusa tu, akaiweka chini. Aliyekuwa akitafuta viatu akakaa. Baba mkwe akasema sasa tuongee ng'ombe wa mahari.

Baadaye, wengine wakiwa bado wanabishana juu ya ng'ombe, aliniinamia.

"Ule mwenye alikucheka kule inje ni wa mwisho wangu. Nenda umuangalie macho."

Nilitoka. Chupa ya ndizi ilikuwa imelala tupu kando ya ukuta. Walikuwa wamekwisha kumtuma mtu dukani, na kila mmoja alikuwa na kichupa chake cha plastiki. Kitinda mimba alinisogelea, jua likimpiga usoni. Sikuhitaji kuangalia mara mbili. Manjano ile naijua.

"Shemeji," alisema, akinipa kichupa chake, "ile yako ilikuwa tamu, lakini haifike kwa kichwa. Hii njo inafika."

Akacheka. Kaka yangu naye alikuwa akicheka hivyo mwanzoni.

Nilikipokea, nikakifunga, nikakaa naye ukutani. Alipokidai nilikataa kwa kichwa, nikakishika kwa nguvu ndani ya kiganja.

Hakukasirika. Alitia mkono mfukoni, akatoa kingine.